Fundi wa Nambari Ile Ile

Bibi mmoja wa Kizungu alipoingia dukani na karatasi mkononi, Falonne, fundi nguo mhamiaji, alishtuka, mguu ukaganda juu ya pedeli ya cherehani. Katikati ya Johannesburg, mgeni mwenye karatasi mara nyingi huja kukufukuza.

"Eish, Mama, chumba hiki nimepanga kihalali," aliharakisha kusema.

Bibi alitikisa kichwa. Alikuwa na ukurasa alioutolea nakala maktaba, wa kitabu cha mwaka 1896 kilichotaja wafanyabiashara wa mji, kazi zao na mitaa yao. Kidole chake kilitua kwenye jina moja: fundi nguo, mtaa huu, nambari hii hii.

"Ni babu yake mama yangu," alisema. "Jengo lake lilibomolewa zamani, nikadhani hakuna kilichobaki. Kumbe hapa bado panashonwa!"

Aliipapasa sketi ya kitenge iliyokuwa mezani, akaufuata mshono taratibu kwa kidole gumba, machozi yakimlengalenga.

"Asante, mwanangu. Asante kwa kuwepo."

Tangu afike mji huu, hakuna aliyewahi kumwambia Falonne neno kama hilo. Aliinuka, akamsogezea kiti chake.

"Kaa, Mama. Hapa ni kwenu."