Mlio wa Fiati

“Mbona haliwaki?” mnunuzi aliuliza, mkono kwenye ufunguo. Gari hilo, Fiati ya miaka hamsini, lilimetameta kama sufuria ya bi harusi, lakini lilikuwa bubu.

Mjane hakujua kuendesha. Alijua tu alichokisikia kupitia dirisha la jikoni, kila asubuhi mumewe alipokwenda kazini. “Kanyaga mafuta mara mbili, hesabu mpaka tano, ndipo uwashe. Lina madeko hilo.”

Injini ikakohoa, ikanguruma kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Linapumua kama kijana!” mnunuzi alicheka. “Dada, nalichukua.”

Mlango wa nyumba ukafunguka, mama mkwe akatoka akiburuta miguu. Kumbukumbu zilishamtoka. Mara tatu ameambiwa mwanawe amefariki, na mara zote tatu amelia upya, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi wanamwambia amesafiri.

Mikononi alibeba ndara za mwanawe, amezipangusa vumbi.

“Amerudi,” alisema, uso umemchangamka. “Mkwe, mbona umesimama tu? Mchemshie maji ya kuoga.”

Mnunuzi akapeleka mkono kwenye ufunguo.

“Usizime kwanza,” mjane alisema.