Ukelele wa Evodio

Upawa ulimponyoka Herlinda, ukatumbukia kwenye sufuria ya pozole, supu ya mahindi na nyama, na mchuzi wa moto ukamrukia mikononi. Wala hakushtuka; masikio yake yote yalikuwa kwenye redio ya kibandani.

"Umesikia?"

"Nisisikie vipi?" alijibu Chona, jirani yake wa kibanda cha pili. "Guadalajara nzima ni huo huo tu. Vitoto vya juzi vinachanganya tarumbeta za mariachi na midundo ya disko, basi vinajiona."

"Simaanishi wimbo, shoga. Huo ukelele wa katikati! Unaanza kama kilio, unakatika, unaishia kicheko. Huyo ni Evodio wangu!"

Chona akafanya ishara ya msalaba. Mume wa Herlinda alikuwa mpiga gitaa wa mariachi, wiki mbili nyumbani, wiki mbili safarini na bendi. Safari ya mwisho aliaga kwamba anavuka mpaka kwenda kaskazini, na tangu hapo kimya. Watu walisema jangwa limemmaliza. Kila Novemba, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, Herlinda alimwekea chakula na pombe yake ya tekila kwenye meza ya wafu, na muuza mitishamba aliyekuwa akimposa bado alikuwa anasubiri jibu.

"Wanaume wote hupiga ukelele wakilewa, shoga."

"Kila mmoja na wake. Na huu naujua mimi."

Mtangazaji wa redio akasema mwimbaji mwenyewe, kijana Neri, yuko naye studio. Studio ilikuwa ng'ambo ya uwanja tu. Herlinda hakungoja kusikia zaidi. Alitoka mbio na aproni yake kiunoni, pozole ikiungua nyuma.

Njiani moyo haukumtulia. Labda walichukua kanda ya zamani. Labda yuko hai, mgonjwa mahali, hana nauli ya kurudi. Akirudi kilema atamwogesha, akirudi mlevi atamvumilia. Mradi arudi.

Mlangoni wasichana walikuwa wamejazana na simu zao. Aliwapenya kwa viwiko, matusi akayaacha yapite, na Neri alipotokea tu akamdaka mkono.

"Mwanangu, nani aliyepiga ukelele kwenye wimbo wako? Niambie tu kama yu hai."

Kijana akacheka kwa adabu. "Ni mimi, mama."

Hakumwachia mkono. "Wewe? Nani kakufundisha?"

"Mzee wangu. Ni urithi wa kwetu huo. Alipewa na babu, akanipa mimi."

Herlinda akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza: zile nyusi, kile kidevu chenye shimo. Machozi yakaanza kumtoka.

"Usilie, mama, wimbo wenyewe ni wa furaha," Neri akambembeleza. "Nimewatungia wazazi wangu. Jumamosi wanatimiza miaka thelathini ya ndoa, na hawajawahi kuachana, ila zile wiki mbili mbili mzee alizokuwa akisafiri na bendi."