Chura Bubu

Jina hilo walilitunga waandishi wa habari, siku Salha, mtafiti wa vyura, alipowaonyesha chura wa aina mpya aliyemgundua na chura asitoe hata mguno. Salha alieleza mpaka akachoka. "Jamani, si bubu! Hana mwenzake wa kuimbiana naye, basi." Yeye mwenyewe alikuwa amezunguka mabwawa yote akimtafutia mwenzake, asimpate. Lakini jina lilikuwa limeshauteka mji.

Leo meya alikuwa akizindua nyumba ya kioo ya chura huyo, na mvua ya kwanza ilikuwa ikipiga bati la ukumbi.

"Ndugu wananchi," alisema, "kiumbe huyu asiye na sauti..."

Chura akalia. Akalia kama tarumbeta la harusini! Kipaza sauti kikaidaka sauti yake, watoto wakaruka.

"Hicho ndicho kinaya!" Mbaruku, mume wa Salha, alicheka akijishika mbavu.

"Sadfa tu, mvua imemwamsha," alisema Salha, naye akifuta machozi ya kicheko. Mara akamkamata mkono. "Hebu nyamaza."

Ukumbi ukatulia. Meya akakizima kipaza sauti mwenyewe. Kule nje, mtaroni, katikati ya mvua, chura mwingine alikuwa akiitika.