Bomba la Shubiri Moja

Mkaguzi wa manispaa alishuka mtaroni, akatanua kiganja kwenye mdomo wa bomba la maji ya mvua. Upana wake shubiri moja tu. Kanuni ya mitaa mipya inataka shubiri mbili.

"Shemeji, waambie vibarua wafukie tukale," mkandarasi, mume wa dada yake, alicheka. "Unaogopa mvua gani, ya Nuhu?"

Akikataa, shemeji ananyang'anywa kazi, na dada yuko karibu kujifungua. Lakini bondeni, maji yatakakofurika, kulikuwa na mama akitundika pazia kwenye nyumba yake mpya.

Ee Mola.

"Fukueni," alisema.

Kibarua akainua sepetu ya udongo.

"Siyo fukieni! Nimesema fukueni, mtoe mabomba yote."

Kicheko kikamkauka shemeji mdomoni.

"Dada nitamwambia mimi mwenyewe," mkaguzi alisema.