Saa za Jua

Katika mji wa Mzee Sekwao, mtu hakutoka nyumbani bila kuuambia ukuta saa zake za kutoka na kurudi. Aliyekutwa nje ya saa hizo alichukuliwa, na jamaa zake hawakuambiwa alikopelekwa.

Ukuta ulisikiliza kwa niaba ya jeshi la kigeni lililolinda amani, nalo lilihesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mkoloni naye alihesabu hivyo, lakini hesabu yake iliishia ofisini. Nyumbani saa ziliendelea kufuata jua, na Sekwao alizitangaza redioni kwa miaka ishirini.

Asubuhi hiyo mkewe, Bi Namsifu, alichukua kikapu.

"Mtangazaji, umeniombea ruhusa ya sokoni au ulisinzia?"

"Nimeomba tangu jana, mama. Kutoka saa mbili kamili, kurudi saa nne."

"Umesema kwa sauti ile ya redioni?"

"Ileile."

"Haya, nisichelewe taarifa ya habari!"

Alitoka akicheka. Sekwao alitabasamu, akakumbuka enzi ambazo mji mzima ulirekebisha saa zake kwa sauti yake.

"Mlango umefunguliwa," ukuta ulisema. "Ruhusa ya mkeo ilikwisha saa nne zilizopita, kabla ya alfajiri. Nani ametoka?"

Sekwao alishika kiti.

"Mimi. Nilimwaga maji."

"Mkeo yumo ndani?"

Kutoka kwenye kona ya barabara alimsikia Namsifu akisalimiana na jirani.

"Yumo."

"Vema," ukuta ulisema kwa upole. "Mwambie aseme neno moja."