Zamu ya Mke Mdogo

"Nani analala na mzee?" daktari aliuliza.

Tulikuwa wake wawili kwenye benchi moja, na mume wetu kwenye kiti mbele ya daktari. Serikali iliporuhusu biashara huria, alinunua malori mawili ya kupeleka kabichi Dar, kisha akaongeza mke. Moyo ulipomsumbua, alikwenda India akazibuliwa mishipa.

"Nalala naye mimi," alijibu Rahma, mke mdogo.

Kweli. Tangu mume wetu arudi kutoka India, zamu zangu zote amempa yeye.

"Presha yake haishuki. Akilala, huwa pumzi inamkatika? Akiwa hivyo, moyo unakosa hewa, na matibabu yote ya India yanaweza kuwa kazi bure."

"Hapana, daktari. Anakoroma kidogo tu."

Mwongo. Kila usiku namsikia kupitia ukuta akikimbia ule mkoromo, anahamia chumba cha watoto. Akikiri, zamu zitarudi kwangu.

Kiwiko changu cha kulia kilianza kuwasha. Kwa miaka kumi na tisa nilimsukuma mume wangu kwa kiwiko hicho kila aliponyamaza ghafla usingizini. Nilikuwa nahesabu hadi ishirini, wakati mwingine thelathini, nikimsukuma, mpaka avute pumzi kama mtu aliyeibuliwa majini. Ngozi ya hapo imekuwa ngumu kama ya kisigino.

Nilifungua mdomo.

"Wewe nyamaza," mume wangu alisema. "Unajua nini wewe kuhusu usingizi wangu?"

Daktari alinitazama, akasubiri.

"Sijui kitu," nilisema, nikakifunika kiwiko kwa kanga.