Jioni Njema Yaondolewa

Mkuu wa vipindi alibandua kadi ya kipindi cha "Jioni Njema" kwenye ubao wa ratiba, akabandika kadi ya tamthilia ya nje mahali pake. Kituo cha televisheni kilikuwa taabani. Wenye matangazo ya biashara walishakimbia.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mtangazaji wa Jioni Njema, mama yake mdogo aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Alikuwa ameshapakwa poda, na kitambaa cheupe kimechomekwa shingoni, nguo isichafuke.

"Mwanangu, mbona studio kuna giza? Umeme tena?"

"Keti kwanza, mama."

Hakuketi. Aliusoma ubao taratibu mpaka chini.

"Wakubwa ndio wameniondoa, au ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Maji yamezidi unga."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Alichomoa kile kitambaa, akajifuta shavu moja, na makunyanzi yakajitokeza upande huo tu.

"Kazi ni kazi, mwanangu. Sikulaumu. Sasa watazamaji wangu nitawaaga lini?"

Mkuu wa vipindi aliugeukia ubao, akatafuta nafasi. Hilo hakuwa amelipanga.